Mashine Kubwa Katika Chumba Kidogo

Kama umewahi kupita Gerezani mwezi wa Machi, walijua joto lile lilivyo. Si joto la jua tu. Ni joto lenye maji ndani yake, na shati hushikamana na mgongo hata kivulini. Mjomba wangu anacho chumba cha kuchapia kadi za harusi na vitabu vya risiti huko, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Katika chumba hicho ndimo nilimopata somo ninalotaka kulieleza. Nakiri mapema kwamba kosa lilikuwa langu.

Likizo ya Desemba Mjomba alikuwa na fedha kidogo, akataka kununua kiyoyozi. Muuzaji mmoja wa vyombo vilivyotumika alikuwa nacho cha BTU 9,000 na kingine cha BTU 24,000, na bei zao hazikupishana sana. Mjomba akaniuliza, "Wewe ndiwe msomi wetu wa Fizikia, wasemaje?" Nami, bila kushika kalamu wala karatasi, nikajibu kwamba kikubwa ndicho bora: kitapoza upesi, kisha kitapumzika, na umeme utapungua. Akanunua kikubwa, na akiba yake yote ikaishia hapo.

Niliporudi kwa likizo fupi ya mwisho wa Machi, nilikuta chumba baridi lakini kimejaa unyevu kama stoo ya viazi. Karatasi zilikuwa zimejikunja pembe, zikikwama katika mashine ya kuchapa kila mara. Kadi 300 za mteja mmoja zilikuwa zimeharibika kwa sababu wino haukushika sawasawa, na Mjomba alikuwa amekopa ili anunue karatasi nyingine. Uniti za LUKU nazo hazikai. Hakunilaumu kwa neno lolote, na jambo hilo liliniuma zaidi.

Basi nikaketi mlangoni na saa yangu. Kompresa iliunguruma dakika 4, ikazima, ikanyamaza dakika 8 au 9, ikawaka tena. Katika muda wa saa tatu niliihesabu mara 14. Kila ilipowaka, taa ilififia kidogo. Ndipo nikatoka nje kutazama lile bomba dogo la kumwaga maji. Lilikuwa kavu! Ndani karatasi zimelowa, nje hakuna hata tone.

Ili tufahamu sababu, yafaa kwanza tujue kiyoyozi hufanya nini. Chupa ya soda ikitolewa katika friji hutoka jasho, maana hewa inayoigusa hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa maji. Koili ya ndani ya kiyoyozi ni kama chupa hiyo. Ina kazi mbili, kupunguza joto na kukamua maji katika hewa, na hii ya pili ndiyo watu wengi huisahau. Tena ndiyo iliyotangulia: mwaka 1902 Willis Carrier alitengeneza mitambo yake ya kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba kwa unyevu na rangi hazikukutana mahali pake. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwani taabu ya Mjomba ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini kukamua maji kwataka muda. Kompresa ikiwaka, koili haipoi papo hapo. Ikiisha kupoa, maji huanza kuishika, yakiitanda kidogo kidogo mpaka yawe mazito ya kutosha kudondoka. Kwa dakika 4 yalikuwa hayajafika hapo. Kompresa huzima, feni huendelea kuvuma, na maji yale yale hupeperushwa yakarudi chumbani. Hivyo mashine ilikuwa ikiyachota maji na kuyamwaga mle mle.

Sasa hesabu, ambayo ilinipasa kuifanya mwezi wa Desemba. Mafundi hupima viyoyozi kwa tani. Tani moja ni nguvu ya kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, yaani pauni 2,000 au kilo 907, kwa saa 24. Kilo moja ya barafu hutaka jouli 334,000 ili iyeyuke. Zidisha, kisha gawanya kwa sekunde 86,400, utapata kama wati 3,500, na hizo ndizo BTU 12,000 kwa saa. Mashine yetu basi ilikuwa ya tani 2, wati 7,000. Na chumba je? Watu watatu hutoa joto la wati 300 hivi. Kompyuta na mashine ya kuchapa, 700. Kuta, dirisha na hewa ya mlangoni tulikadiria 1,200. Jumla wati 2,200, ambayo hata ukiiongezea ya kukamulia maji haifiki nusu ya mashine. Kile cha BTU 9,000 kingetosha.

Madhara hayaishii kwenye karatasi. Mota ya namna hii inapoanza huvuta umeme mara tano au sita ya ule inaoutumia ikiwa mwendoni. Kuwaka na kuzima huko huichakaza upesi.

Tulimwita fundi mzee mwenye karakana jirani. Nilimpa shikamoo nikamwonyesha hesabu zangu. Alizitazama, kisha akatazama juu ya ukuta, akasema, "Marahaba mwanangu. Umehesabu vizuri, lakini kabati hili hukuliona." Kweli, kabati refu la karatasi lilikuwa hatua moja tu mbele ya kiyoyozi, upepo wa baridi uligonga kabati ukarudi ndani ya mashine, nayo ikadhani chumba kizima kimepoa. Tulilihamisha. Dakika 4 zikawa 6. Akaweka rimoti kwenye alama ya tone la maji, ili feni isivume ovyo kompresa ikizima. Bomba likaanza kudondoka, ingawa kwa uchoyo.

Dawa ya hakika ilikuwa kuuza na kununua kidogo, au kile kinachoweza kupunguza mwendo wa kompresa chenyewe. Fedha hazikuwapo. Fundi akauliza, "Nyuma ya ubao huu kuna nani?" Kuna fundi cherehani, na watu wake wanne, na pasi ya umeme ya wati 1,000. Akasema kama mashine haipungui, tuongeze kazi.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliniambia baadaye kwamba Ulaya hufanya vivyo hivyo. Huko nyumba hutiwa joto kwa tanuri la kuchemshia maji yapitayo katika mabomba. Tanuri likiwa kubwa kupita kiasi, huwaka na kuzima ovyo kama kiyoyozi chetu, na mafundi huliongezea tangi la maji ili lipate cha kupasha kwa muda mrefu.

Tangi letu likawa chumba cha fundi cherehani. Mwenye nyumba aliporidhia, tulikata tundu moja juu ya ubao na jingine chini, tukatia feni ndogo katika lile la juu. Kazi ya mashine ilifika karibu wati 5,000, na kompresa ikawa inawaka kama dakika 43 katika kila saa, bila kuzimazima. Fundi cherehani alikubali kulipa theluthi ya LUKU, kwani mafundi wake walikuwa wakidondosha jasho juu ya magauni ya watu.

Nikaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba. Kufika alasiri ilikuwa imepita nusu. Siku ya tatu Mjomba alichukua karatasi moja kutoka kabatini, akaipindapinda mkononi, akaisikiliza inavyolia. "Haya, mjomba," akaniambia, "njoo tuzichape zile kadi upya." Tulichapa 300 mpaka saa nne ya usiku, na zilizokwama ni mbili.