Moyo wa Mtu Asimamaye Kusema Mbele ya Watu

Mara nyingi mmoja wetu huombwa asimame aseme: penye arusi, penye msiba, katika mkutano wa usharika, au barazani mbele ya wakubwa. Hapo wako watu wenye akili na maneno ya kweli, ambao magoti huwatetemeka, ulimi ukakauka, wakaketi kimya. Ndipo shauri huamuliwa na mwenye kinywa chepesi, hata kama hajui lo lote la jambo lile. Hasara hiyo si ya mtu mmoja. Ni ya wote ambao angaliweza kuwatetea. Kwa hiyo twataka kujifunza ni moyo wa namna gani umfaao msemaji, nao hupatikanaje.

Wengine hudhani ya kuwa ushujaa wa kusema ni kitu cha kuzaliwa nacho, kama urefu wa mwili. Tutazame habari za mtu ajulikanaye duniani pote, Mohandas Gandhi wa Uhindi, aliyezaliwa mwaka 1869. Yeye mwenyewe aliandika habari za maisha yake, wala hakuficha aibu zake.

I. Kijana aliyeshindwa kusema

Mwaka 1888 Gandhi alikwenda London kujifunza sheria. Huko aliingia katika chama cha watu wasiokula nyama, akachaguliwa kuwa mmoja wa halmashauri. Alihudhuria mikutano, lakini ulimi wake ulikuwa kama umefungwa. Siku moja likaletwa shauri la kumwondoa mwanachama mmoja kwa ajili ya mawazo yake juu ya jambo lisilohusu kazi ya chama. Gandhi aliona kwamba si haki, akaandika maneno yake katika karatasi. Lakini hata kuyasoma hakuweza. Ikawa lazima mtu mwingine ayasome. Na yule mwanachama akashindwa.

Mwaka 1891, siku za kuondoka kwake, aliwaandalia rafiki zake chakula cha kuagana. Alikuwa ametunga hotuba fupi ya kuwachekesha, akaishika kwa moyo. Aliposimama alisema neno la kwanza tu. Mengine yote yakamtoka kichwani. Baada ya kurudi kwao alipewa daawa ndogo mbele ya hakimu katika mji wa Bombay. Akasimama ili amhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja. Akaketi, daawa ikapewa wakili mwingine.

II. Hotuba ya Pretoria

Mwaka 1893 alipanda meli, akapitia Lamu, Mombasa na Unguja, akafika Afrika ya Kusini ili kusaidia katika daawa ya wafanya biashara. Katika mji wa Pretoria aliwakuta Wahindi wenzake katika dhiki. Hawakuruhusiwa kupita katika njia za miguu kando ya barabara, wala kutoka nje baada ya saa tatu usiku pasipo cheti. Akawaita mkutanoni, akasimama, akasema. Alikuwa na umri wa miaka 23, na mwenyewe aliihesabu kuwa hotuba ya kwanza ya maisha yake.

Alisema nini? Hakuanza kwa kuwalaumu watawala. Aliwaambia wafanya biashara wale juu ya ukweli katika kuuza na kununua, juu ya usafi, na juu ya kuwa kitu kimoja ijapokuwa dini na makabila yao ni mbalimbali. Kisha akawashauri waanzishe chama cha kupeleka mashaka yao kwa wakubwa, akajitolea kuwafundisha Kiingereza wale watakao. Mikutano ikaendelea. Na mwaka 1894, katika nchi ya Natal, alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Natal Indian Congress.

III. Ni nini kilichogeuka?

Ulimi ulikuwa ule ule. Wala haitoshi kusema kwamba Pretoria alikuwa na neno la haki, maana London pia alikuwa nalo, tena ameliandika. Sisi twaona kuwa kilichogeuka ni macho yake. Kule London aliwatazama wenzake kama watu wajuao kuliko yeye, naye akawa kama mwanafunzi mbele ya wamjaribuo. Penye chakula cha kuagana alitaka kuwapendeza. Pretoria hakuwa na nafasi ya kujitazama; aliwatazama watu wenye haja, naye alikuwa na neno la kuwafaa, tena alikuwa amelitengeneza vema.

Mtu aonaye nyumba ya jirani inawaka moto hasimami kuuliza kama sauti yake ni nzuri. Hupiga kelele, kwa maana walalao ndani wanamhusu. Basi huo ndio moyo mwema wa msemaji: kuwahesabu wasikilizaji kuwa si mahakimu wake, bali ni watu wenye haja na neno alilo nalo, tena wawezao kulipokea na kulitenda.

Lakini tujihadhari na mambo mawili. Kwanza, moyo mwema si kiburi. Ajisifuye naye anajitazama mwenyewe, sawasawa na mwenye hofu. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Pili, tusidhani hofu itaondoka yote siku moja. Gandhi alisema kwamba haya yake haikumtoka kabisa, naye aliihesabu kuwa faida, maana ilimfundisha kusema maneno machache yaliyopimwa.

IV. Yatupasayo kufanya

1. Kabla ya kusema, tusijiulize, «Watanionaje?» Tujiulize, «Ni akina nani hawa, nao wana haja na nini?» Jibu la swali hili huwa mwanzo wa hotuba.

2. Tulijue neno letu. Moyo mwema pasipo maandalio ni kama jembe lisilo na mpini. Lakini tusikariri maneno yote, maana likipotea moja hupotea yote. Yafaa kuandika vichwa vitatu au vinne katika karatasi ndogo.

3. Tukisha simama, tusiharakishe. Tuvute pumzi, tumtafute mtu mmoja mwenye uso wa kirafiki, tuanze kwa sauti ya utaratibu.

4. Tukisahau, tunyamaze kidogo, kisha turudie jambo lililo kubwa. Wasikilizaji hawajui tuliyokusudia kusema, hawatahesabu yaliyopungua.

5. Tujizoeze penye watu wachache kwanza: kutoa shukrani, kueleza habari fupi, kuuliza swali mkutanoni. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Neno likiisha, tuketi.

Basi, ndugu, tukumbuke kwamba penye shauri lo lote wako watu wasioweza kuja barazani: mjane, mgonjwa, mtoto. Hao humtegemea ajuaye kweli na kuisema. Tutakapoitwa tena, tusimame kwa ajili yao.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini Gandhi aliweza kusema Pretoria, naye alishindwa London?
2. Mwenye kiburi na mwenye hofu hufananaje?
3. Katika mahali petu, ni shauri gani ambalo watu wajuao kweli hunyamaza? Nani atawasemea walio kimya, naye ajiandaeje?