Maji Yaliyomo Ndani ya Jabali



Baadhi yenu mna mashamba bara, na swali linaloletwa ofisini ni moja: inakuwaje mtu achimbe mita 80 asipate tone, na jirani yake, hatua 200 tu upande wa bondeni, apate maji ya kunyweshea miche yote ya mikarafuu?

Huku visiwani twachimba katika mchanga au mawe ya matumbawe yenye matundu, na khofu yetu ni chumvi. Dodoma, Singida na Mwanza chini ni itale. Uluguru na Usambara nako ni majabali magumu. Jiwe gumu lililo zima halina nafasi ya maji. Maji hukaa katika nyufa zake, na katika tabaka la juu ambalo jua na mvua za miaka mingi mno zimeliozesha.

Kwa hiyo itazameni sura ya nchi. Juu ya kilima ambako jabali limejitokeza, mvua imekwisha kuchukua tabaka lile lililooza. Bondeni huwa nene zaidi, na bonde refu lililonyooka mara nyingi hufuata ufa mkubwa wa kale. Lakini si kila kilichooza kina faida. Juu huwa udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji usiyatoe. Maji mazuri hupatikana chini yake, penye changarawe, kabla ya kufika jabali zima. Kutoka hapo nyufa huzidi kubana kadiri mtu anavyoshuka, na mchimbaji mara nyingi hulipwa kwa mita, maji yapatikane yasipatikane. Mkimwona ashikilia kwenda chini tu katika jiwe kavu, mwulizeni sababu.

Tena maji hayo hayajazwi kila mwaka. Makutupora, kaskazini ya Dodoma, ambako mji huo huvuta maji yake, kina kimepimwa tangu miaka ya 1950. Hushuka miaka kadha wa kadha, kisha mvua kubwa, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, zikakipandisha kwa ghafula.

Basi nendeni mkatazame visima vya majirani mwisho wa kiangazi, si wakati wa masika. Na kabla ya kulipa salio, pampu ya kujaribia ivute mchana kutwa na usiku kucha. Kisima kinachojaza pipa upesi asubuhi huweza kuwa kikavu jioni.