Dondoo muhimu: Pancha kwenye mkokoteni wa punda

Huko Marigat, Baringo, adui mkubwa wa tairi ni mathenge, mti ulioenezwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Mwiba wake hupenya tairi, kisha ncha hukatika na kubaki humo. Ndiyo maana tyubu iliyotoka kuzibwa hutoboka tena upesi.

Kabla ya kurudisha tyubu, mwenye mkokoteni apitishe kitambaa polepole ndani ya tairi, si kidole. Kikikwama, ang'oe ncha hiyo kwa koleo. Vipande vya tyubu kuukuu vikitandazwa kati ya tairi na tyubu huongeza kinga.

Upepo nao ukaguliwe kabla ya kupakia madumu ya maji. Tairi legevu hubana tyubu kwenye rimu na kuufanya mkokoteni uwe mzito kuvuta, na anayeumia kwanza ni punda.

Tairi lililolika hadi nyuzi zinaonekana libadilishwe.