Umri Si Lango la Kufungwa

Somo: Mwanzo 12:1-9, 28:10-19

Nina miaka 68. Nimeuza mboga kando ya reli hapa Kibera nikitamani siku moja nipande treni, nishuke Kisumu, niendelee Kitale hadi Lodwar, polepole, bila kuharakishwa na mtu. Mume wangu amelala katika Bwana; watoto wanajitegemea. Sasa nasikia, "Shosho, mjane atatembeaje peke yake? Kaa ulee wajukuu."

Tusome Neno. Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Mungu hakumwambia amechelewa. Lakini angalieni alivyosafiri: Shekemu alijenga madhabahu, karibu na Betheli akajenga nyingine. Alihamisha hema, hakuacha ibada. Yakobo naye alikuwa peke yake kabisa, amelalia jiwe, na hapo Betheli akajua Bwana yupo.

Basi mzee mwenye ndoto ajiulize: Kuna deni au mgonjwa ninayemkimbia? Nauli ni yangu, au nimekopa? Jumapili ugenini nitaabudu wapi? Akijibu vizuri, tusimfunge kwa hofu yetu halafu tuiite hekima.

Ndugu wa ushirika wa Kawangware wananiuliza nitarudi lini. Bado sijui. Mniombee, na mnipigie simu kila Jumatano.

Swali la ushirika wiki hii: Nyumbani kwako, ni mzee gani mmemzuia, na mlimzuia kwa neno la nani?