Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 16: Ndege wa Pwani Hawalali Maji Yakitoka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi mpevu umepita juzi na bamvua limerudi. Leo na kesho, baina ya saa nne na saa tano asubuhi, maji yatakuwa yametoka mbali. Ukipita Maruhubi, Kizingo au Mbweni, au ukiwa shamba upande wa Chwaka na Uzi, hebu simama dakika tano utazame pwani. Utawaona vitwitwi wanakimbia juu ya mchanga wakidonoa. Utamuona sululu na mdomo wake mrefu uliopinda, anamtoa kaa shimoni. Ukibahatika utamuona na yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa.

Wengi wao ni wageni wetu. Wapo waliozaliwa Siberia, na huku hufika kuanzia mwezi wa nane na wa tisa, kule kwao baridi inapokaribia. Yule mla kaa yeye hutaga kwenye pwani za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, na joto la mchanga likamsaidia kulitunza. Njia ya majahazi ya wazee wetu, Maskati hadi Unguja, yeye anaipita kwa mbawa zake, bila dira wala nahodha.

Katika Surat Al-Mulk, aya ya 19, Allah anatuita tuwatazame ndege walio juu yetu, wanaokunjua mbawa na kuzikunja, na anatukumbusha kwamba hakuna anayewashikilia isipokuwa Yeye Mwingi wa Rehema. Na Sayyidna Umar (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), kama ilivyo kwa Tirmidhi, kwamba tungemtegemea Allah kwa haki ya kumtegemea, angeturuzuku mfano wa ndege: asubuhi wana njaa, jioni wameshiba.

Hadithi hii tunaipenda sana, lakini mara nyingi tunaisoma nusu. Ndege yule *ametoka*. Hakubaki kiotani akisema nimetawakali.

*Funzo la kwanza: tawakkul ina miguu.*
Maji yakijaa, ndege hawa husimama pamoja juu ya fungu la mchanga au kwenye mikoko, wamepumzika. Yakitoka tu, wote wako kazini. Na wakati wa maji kutoka hawaupangi wao. Ukiangukia usiku, wanakula usiku. Riziki ni ya Allah, kuiendea ni juu yao. Akinamama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanalijua hili vizuri: bamvua likifika wanashuka kwenye mwani wao na saumu zao, kwa sababu maji hayamngoji mtu. Sasa sisi wengine, Ramadhani imekuwa ndiyo ruhusa ya kulala kutoka alfajiri mpaka alasiri, na kazi ya watu imelala pamoja na sisi. Tukiulizwa tunajibu, "Si tumefunga?" Ndugu yangu, saumu haikuondoshea amana ya mwajiri wako wala haki ya watoto wako.

*Funzo la pili: akiba huwekwa kabla ya safari.*
Miezi hii ya kaskazi inapokwisha, wageni wetu wanakula kwa bidii isiyo ya kawaida. Wanajaza mafuta, maana safari ya kurudi iko mbele. Mwezi wa Oktoba 2022, ndege mmoja wa ukoo wa sululu, kinda wa miezi mitano tu, alifuatiliwa kwa setilaiti kutoka Alaska hadi Tasmania, Australia. Aliruka kilomita 13,560 kwa siku 11, mchana na usiku, hakula, hakunywa, hakutua. Ndege wa aina yake, wakikaribia kuondoka, kiasi cha nusu ya uzito wao huwa ni mafuta, na viungo vya kusagia chakula husinyaa ili mwili uwe mwepesi. Subhanallah! Anaongeza kinachomfikisha, anapunguza kinachomwelemea. Na sisi tuna safari ambayo njiani hakuna duka. Jiulize leo: katika siku hizi 15, umeongeza nini, na umepunguza nini?

*Funzo la tatu: bamvua hurudi.*
Labda umejibu moyoni kwamba hukuongeza kitu. Juzuu ziko palepale, tarawehe umeswali nne tu. Usikate tamaa. Mwezi wa Ramadhani uliandama na bamvua, leo tuko katika la pili, na la tatu litakuja na zile siku za mwisho. Aliyepitwa na maji ya kwanza, pwani iko wazi sasa hivi. Lakini asingoje, kwani hili nalo litajaa.

*Amali ya leo*
1. Soma Surat Al-Mulk pamoja na watu wa nyumbani, na mkifika aya ya 19 mwaeleze watoto habari za ndege hawa.
2. Mkienda ufukweni baada ya alasiri, wakanyeni watoto wasiwafukuze ndege waliosimama kupumzika. Kila wakiruka kwa hofu wanachoma akiba yao ya safari. Nao ni umma mfano wetu, kama inavyotufundisha Surat Al-An'am, aya ya 38.
3. Chagua jambo moja ulilokuwa unaliahirisha, deni, ukoo uliokatika au juzuu iliyosimama, ulianze kabla ya futari ya leo.

Ewe Mola wetu, turuzuku kama unavyowaruzuku ndege, utupe na bidii ya kutoka kama wanavyotoka. Utukubalie saumu zetu, uturehemu na wazee wetu waliotangulia. Amin.

Mtumie na mwenzako. Kesho inshallah tutaendelea.