Kila Samaki na Chambo Chake

Maandiko: Mathayo 4:18-20, 1 Wakorintho 9:19-22, Yakobo 1:14

Juma hili tunaendelea na somo letu la kuvua watu, na nitaanzia ufuoni, mahali nilipolelewa.

Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay. Nikiwa na miaka 12, Baba alinipa mshipi wenye ndoana 20 niutege mwenyewe. Nilitaka mbuta, si kingine. Nikafinyanga ugali, nikatia donge kwa kila ndoana, nikaenda kulala nikihesabu pesa. Asubuhi ndoana zote zilikuwa tupu. Baba akacheka, akaniambia, "Ugali unaupenda wewe. Mbuta umemuuliza?"

1. Mjue samaki kwanza

Mbuta ni mwindaji. Anataka samaki mdogo aliye hai, anayejitikisa. Ndiyo maana wavuvi wetu hutia mumi wadogo kwenye ndoana za mbuta.

Ngege naye ana mdomo mdogo na hula polepole. Ukimpelekea ndoana kubwa atadonoa chambo chote na kukuachia chuma. Yeye mtafutie ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu.

Mumi mkubwa hutembea usiku chini kwenye matope, anatafuta kwa harufu na kwa zile sharubu zake. Matumbo ya kuku yatamfaa, hata kama wewe yanakuchefua.

Na omena je? Huyo hahitaji ndoana kabisa. Huvutwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa yako haina nguvu, na boti nyingi za omena hupumzika.

Ziwa ni moja, lakini samaki hawafanani.

2. Chambo kisichotembea hakivui

Kuna wavuvi wanaotumia chambo bandia, yaani samaki wa mbao au wa plastiki, ambaye huburutwa nyuma ya boti. Kile chenye ulimi mrefu mbele huzama chini zaidi. Chenye ulimi mfupi hubaki karibu na juu. Kwa hiyo mvuvi huuliza kwanza: leo samaki wako kina gani? Lakini hata ukinunua kile cha bei ghali chenye rangi ya kupendeza, ukikiacha kimetulia majini, mbuta hana haja nacho. Lazima kiende kama samaki mdogo anavyoenda.

Hebu tujiulize. Maneno yetu ya wokovu yana uhai, ama ni rangi tu?

3. Mahali nilipokosea

Wacha niwaambie ukweli. Nina ndugu yangu mdogo, fundi wa injini za boti. Kwa miaka sita nilimwalika kwenye kesha, kesha, kesha. Kwa nini kesha? Kwa sababu mimi ndiko nilikookokea! Siku moja nikamkemea mbele ya wateja wake, nikamwita mpotevu. Miaka miwili hakunisalimia. Nami nilisema moyo wake ni mgumu, kumbe nilikuwa nimetupa ugali kwa mbuta.

Kisha mtoto wake akalazwa hospitalini. Nilikwenda bila Biblia mkononi, nikiwa na chai kwenye chupa. Nikamwomba msamaha, tukakaa naye usiku tatu. Sikuhubiri. Usiku wa tatu yeye mwenyewe akasema, "Kaka, si utuombee?" Mtoto alipona. Ndugu yangu bado hajaokoka, lakini siku hizi Jumatano huja nyumbani kwangu, tunakula, na huuliza maswali ambayo mengine siwezi kuyajibu.

Mtume Paulo alijifanya hali zote kwa watu wote ili awapate baadhi yao. Ujumbe wake haukubadilika. Njia yake ya kumfikia mtu ndiyo ilibadilika.

4. Tahadhari

Hapa mfano wetu una mwisho. Chambo huficha ndoana, na Yakobo anatuonyesha kwamba kunasa watu kwa tamaa ni kazi ya majaribu. Sisi tusimvute mtu kwa ahadi ya gari, kazi au mume. Akija kwa hiyo, siku akiona msalaba atasema alidanganywa, na atakuwa na haki. Isitoshe, mvuvi humvua samaki ili afe. Yesu anatutuma tuwatoe watu majini ili waishi.

Tendo la juma hili

Andika jina la mtu mmoja unayemwombea. Chini yake andika: anapenda nini? Anaogopa nini? Saa gani ana nafasi? Kama huwezi kujibu, usimwalike popote bado. Nenda ukamtembelee, umsikilize.

Tuombe: Bwana, tusamehe tulipovua kwa kiburi. Tupe macho ya kumwona kila mtu jinsi alivyo, na subira ya kungoja. Amina.