Kufunga Eastlands: Chakula Ulichoacha Kiende kwa Nani?

Kila Januari makanisa mengi ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, hutangaza majuma ya kufunga na kuomba. Baadaye Jumatano ya Majivu huwafungulia Wakatoliki Kwaresima. Anayefunga kwa mara ya kwanza huuliza atakaa saa ngapi bila kula. Ningemwomba aanze na swali jingine: hicho chakula atakachokiacha kitamfikia nani?

Katika sura ya 58, nabii Isaya anawakemea watu waliokuwa wakifunga huku wanawanyonya vibarua wao na kugombana. Mfungo anaoutaka Mungu, anaeleza, ni kumgawia mwenye njaa, kumvika aliye uchi na kumkaribisha asiye na makao. Maneno hayo yanatugusa sana sisi wa Eastlands. Huruma na Dandora kuna nyumba zinazopitisha mchana bila chakula kwa sababu hakuna pesa, wala hakuna aliyechagua hivyo. Kijana aliyekosa kazi ya mjengo leo hajafunga, ana njaa. Basi siku ya kufunga, hesabu pesa ambazo ungelipa kibandani kwa chai ya saa nne na chapati madondo, uziweke kando siku hiyohiyo. Zikibaki kwenye simu zitaishia nauli. Afadhali mkebe jikoni. Ijumaa jioni zinunulie unga, mafuta na sukuma jirani unayemjua katika ploti yenu, kisha nyamaza. Katika Mathayo 6 Yesu anataka anayefunga anawe uso na ajipake mafuta ili watu wasijue, na sadaka nayo itolewe kwa siri, kwa hiyo picha ya jirani yako akipokea unga isionekane WhatsApp. Na kama una mfanyakazi wa nyumbani, mlipe kwa wakati, wala usimlazimishe kufunga nawe. Mshahara wake ni sehemu ya mfungo wako.

Kuhusu saa, kila kanisa lina utaratibu wake. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo kwa pamoja haifikii mlo mzima. Kuacha nyama huanza miaka 14. Wapentekoste wengi hufunga tangu asubuhi hadi jioni kwa maji tu. Wengine hufuata mfano wa Danieli kwa mboga, matunda na nafaka. Ukiwa mgeni katika jambo hili, acha mlo mmoja na saa hiyo uitumie kuomba na kusoma Neno. Kunywa maji. Anayechomelea vyuma Kariobangi Light Industries au anayeendesha matatu Jogoo Road achague siku ya mapumziko, maana kizunguzungu kazini kinaweza kuua, na si yeye peke yake.

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee dhaifu na wenye vidonda vya tumbo wasiache kula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asijaribu kabla ya kuonana na daktari, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akazimia. Dawa za TB, za HIV na za kifafa hazisimamishwi kwa ajili ya maombi. Asiyeweza kuacha chakula anaweza kuacha televisheni, pombe au umbea, na bado akatoa unga.

Mfungo unaweza pia kupotoshwa. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, serikali ilianza kufukua miili ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ilifikia zaidi ya 400, watoto wakiwemo, na uchunguzi ulionyesha wengi waliuawa na njaa. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa kwa vifo hivyo na akakana mashtaka. Mwalimu wa dini anayekataza maji au hospitali, anayetaka watoto wafunge, au anayekutenga na jamaa zako, mwondokee mapema. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe. Ukiona ananyimwa chakula kwa jina la maombi, piga 116; simu hiyo ni ya bure.

Jioni ya kufungua, anza na maji na uji wa wimbi au ndizi mbivu, usubiri kidogo, ndipo ule ugali. Chipsi na nyama choma juu ya tumbo tupu huleta kiungulia. Aliyefunga siku kadhaa kwa maji tu arudie chakula polepole, kwa ushauri wa daktari.

Kanisa lenu likitangaza siku 21, mwombeni mchungaji aweke meza ya unga na maharagwe mlangoni tangu Jumapili ya kwanza. Orodha ya watakaopelekewa iandikwe na jumuiya ndogondogo au viongozi wa ushirika wa nyumbani, kwa sababu wao ndio wanaojua ni mlango gani haujawasha jiko tangu jana.